Mzee Abeid Akataa Kuwa Nyota Kongwe

Mzee Abeid wa Mtawanya, jirani yangu, alikuwa mkulima wa korosho na mbishi wa kuzaliwa. Mwaka 1956, baada ya kukaa mgane miaka mingi, alimwoa Mastura, mwanamke mbichi kabisa. Wambea wa kwetu, ambao kazi hawana, wakasema mzee kajitafutia mwuguzi, si mke. Maneno yale yalimchoma, akaanza kupaka ndevu hina ili afiche mvi.

Siku ya wazazi shuleni, Mwalimu Abdulrahmani alitaka kutuonyesha galaksi, kundi kubwa la nyota lililojipinda kama gamba la konokono; jua letu nalo limo katika mojawapo. Nyota tungekuwa sisi. Alichora uwanjani kwa majivu: kitovu kinene, na mikono miwili iliyokizunguka.

"Mikononi kuna hewa na vumbi," alieleza, kitabu chake cha nyota kikiwa wazi mbele yake. "Vikirundikana na kubanana, nyota huzaliwa. Zile changa, zenye moto mkali, ni za buluu." Wanawake tuliojitanda kaniki, zile nguo za buluu iliyokolea, tukapelekwa huko. "Kitovuni ni nyota kongwe, za wekunduwekundu. Vumbi limekwisha, hapazaliwi kitu tena." Akaangaza macho, akaziona zile ndevu nyekundu za hina. "Mzee wangu Abeid, kiti chako hiki hapa."

Watu tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mastura alikuwa pale pale, anasikia.

"Mwalimu, mimi si mkongwe," alisema mzee. "Niweke kwenye vumbi."

Akanipokonya kaniki yangu, akajitanda, akajipanga mkononi kati ya wasichana. Wazee wenzake kuona hivyo wakamfuata mbio, maana nani akubali kuambiwa amekwisha mbele ya mkewe? Kitovuni akabaki kuku. Mwalimu, maskini, akapuliza filimbi tuzunguke hivyo hivyo, walio ndani wakimaliza mzunguko mapema, sisi wa nje tukichelewa. Mzee Abeid akawa anatimua vumbi kwa makusudi huku akihema.

Mastura akamsogelea, akamshika kiwiko. Alisema kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa nyuma yao.

"Bwana, kakae kitini upumzike. Tangu mwezi uliopita harufu ya samaki inanitapisha. Ulidhani ninaumwa?"

Mzee alisimama, wa nyuma wote tukamgonga. Kisha akatembea taratibu hadi kitovuni, akamfukuza kuku, akaketi. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Mwalimu," aliita, "hicho kitabu chako kina makosa."