Kurasa Zilizofungia Karanga

Enzi zetu, nasema, ingawa sijafika hata miaka thelathini, tulisoma karatasi za karanga. Katika komini iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi nchini Kongo, nyumba chache zilikuwa na kitabu kisicho cha shule. Lakini Ma Jolie, muuza karanga wa barabara yetu, alipata katoni nzima ya vitabu vya zamani vya Kifaransa. Alichana ukurasa mmoja mmoja kuanzia wa kwanza, akaukunja uwe koneti, yaani mfuko uliochongoka chini, akatia karanga za moto. Aliyenunua kila siku alipata hadithi kwa mfuatano, imelowa mafuta na chumvi.

Mimi nilikuwa bingwa. Shuleni mwalimu aligonga rula mezani, sisi tukaimba silabi kwa pamoja, na kufika darasa la nne nilisoma Kifaransa mbio mbio kama mtangazaji wa redio. Wageni wakija, baba alinisimamisha nisome, nao wakapiga makofi. Hakuna aliyeniuliza maana. Sikujua hata kwamba maana huulizwa.

Nkambo aliuliza. Bibi yangu huyu, mjane wa mfanyakazi wa reli, hakujua herufi hata moja. Alikuwa akichambua sombe, yaani majani ya muhogo, akanisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akasema, "Muzuri. Sasa banasema nini mule?"

Nilidanganya. Nilisema kuna bwana anaitwa Robert, amekufa maji, mke wake analia. Kesho yake nilikuwa nimesahau. Nikasema Robert amealikwa kula samaki kwa rafiki yake.

Nkambo aliweka sombe chini. "Robert si alikufa jana? Leo iko nakula samaki kwa bantu?"

Dada zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Wiki nzima jina langu likawa Mama Robert. Nkambo hakucheka. Alisema nisimsomee tena, na jioni iliyofuata alikula karanga zake peke yake, koneti akaitupa jikoni. Fimbo ingekuwa afadhali. Katika nyumba ile yeye ndiye mtu mzima pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Niliokota ile karatasi, nikaenda nyuma ya nyumba na kamusi ya kaka isiyo na jalada. Neno moja, halafu jingine. Hakukuwa na Robert wala samaki. Kulikuwa na mwanamke aliyekaa stesheni na kikapu magotini, treni haiji, naye anakataa kurudi nyumbani. Kumbe siku zote hizo alikuwa amekaa pale, nami nampita mbio.

Nilimwomba Nkambo anisikilize mara moja tu. Nilisoma nikikwama, nikatafsiri, nikarudi nyuma. Aliuliza kikapuni mlikuwa na nini. Nilitafuta mistari yote.

"Habakuandika, Nkambo."

Alisogeza sombe, nikapata pa kukaa. "Leo unakwama-kwama," alisema. "Leo njo nakuamini."

Wenzangu wa rika langu wanalalamika kwenye simu kwamba watoto wa leo hawasomi. Nina mashaka. Mpwa wangu Grâce anapitisha maneno mengi kwa siku kuliko katoni ya Ma Jolie, ingawa kidole chake kinalitangulia jicho. Na sisi je? Chuo kikuu nilikariri madokezo ya maprofesa, nikafaulu vizuri, na swali la Nkambo halikuulizwa hata siku moja.

Siku hizi karanga zinafungwa katika plastiki. Unaona karanga tu. Nkambo hayupo. Jumapili iliyopita Grâce alinisomea habari ndefu kwenye simu, bila kukwama popote, nikamuuliza, "Sasa banasema nini mule?"

Alinitazama kama nimemwonea. "Tantine, ngoja kwanza," akasema, akarudi juu kabisa, akaanza upya kwa kidole, polepole. Kwenye mstari wa pili alikwama.

Nilisogea, akapata pa kukaa.