Mtumbwi Usiosuguliwa

Nilirudi Kaisho likizo na karatasi moja niliyojivunia kuliko cheti. Chuoni Uingereza tulikuwa na kompyuta kubwa kama kabati, imejaa taa, nyaya na vifundo vya kuzungusha. Haikupiga hesabu kwa tarakimu kama kompyuta za leo; umeme ndio uliosimama badala ya sukari na hamira. Ukizungusha vifundo, kalamu yake ilichora jinsi sukari inavyogeuka pombe. Kasoro ilikuwa moja: chupa zetu za maabara, tulizozitumia tena na tena, zilichacha mapema kuliko mchoro, na hakuna aliyejua kwa nini.

Nilimkuta baba akifunika kwa majani ya migomba mtumbwi wa kuchachushia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikamwamkia, nikamkunjulia ile karatasi yenye mchoro, nikamweleza polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto. Akaweka kidole pale mstari ulipoanzia.

"Hapa mlianza na chombo kisafi kabisa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mmejidanganya, mwanangu. Mimi mtumbwi huu siusugui hata siku moja. Pombe ya juzi ndiyo inayoiamsha ya leo."

Niliudhika. Mzee asiyejua hata a, e, i, o, u anifundishe kemia! Lakini niliporudi chuoni nilikizungusha kifundo cha hamira ya kuanzia, nikaiongeza kidogo tu, kana kwamba chupa zetu nazo zilibakiza ya juzi. Kalamu ikapita juu ya vipimo vya chupa zetu, nukta kwa nukta.

Mwalimu alinipa mkono, akauliza wazo hilo nimelitoa wapi.

"Nililisoma mahali," nikamjibu.