Siku Niliyoitungia Injini Ukoo

Jamani, mkasa huu ningekwenda nao kaburini, ila kwa kuwa nusu ya mtaa wa Kinanira iliuona kwa macho, heri niusimulie mwenyewe kabla hawajautia chumvi zaidi (na chumvi, mtaona, ndiyo iliyoniponza).

Ilikuwa siku ya mahari ya rafiki yangu Désiré, fundi magari wa Ruziba, tumekwenda kwao binti huko Kinanira, na mimi ndiye nilikuwa msemaji wa upande wetu, na mnajua kwetu msemaji akiteleza, binti hatoki. Désiré alikuja na kigari chake cha michezo, viti viwili, hakina paa, bodi aliachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao, chepesi hadi watu wanne tunakinyanyua, na injini aliitoa kwenye teksi ya zamani ya baba yake, Mzee Gaspard. Asubuhi aliniambia nisifiche kitu, eti hata Ulaya vigari hivi huwekewa injini za magari ya kawaida. Nikasema sawa. Lakini nilipowaona wajomba wa binti na suti zao, nikaamua kuongeza chumvi kidogo, kijiko kimoja tu.

"Wazee wangu," nikaanza, "injini ile mliyoisikia haijui kazi ya kawaida, imezaliwa kwenye mashindano, Ulaya!" Vigelegele! Nikavimba kichwa. Msemaji wao akauliza kijana mwenyewe ni mtoto wa nani, na ulimi ulishashika mteremko, nikajibu baba yake ni mkurugenzi wa usafirishaji (mzee mwenyewe ameketi nyuma yangu, anatazama viatu vyake).

Hapo akasimama shangazi wa binti, Mama Chantal, aliyeanza kuuza vipuri vya magari mtaa wa Asiatique mimi sijazaliwa. "Apana, mi nataka kuona hii moteri ya mashindano. Désiré, fungua kapo!"

Wanaume wakaguna, yeye tayari yuko uani. Nikamtangulia mbio, nikasema injini bado ina moto, nikakalia boneti kwa madaha ili asiifungue, kumbe breki ya mkono haikuvutwa, na ua wenyewe ni wa mlimani, basi kigari kikaondoka na mimi juu yake, nimekumbatia kioo, napita mbele ya wakwe nikiwapungia mkono (sijui kwa nini niliwapungia!), hadi tukaingia kwenye kreti za Fanta. Mimi huku, viatu kule, boneti wazi.

Mama Chantal akainama, akacheka. "Hii? Hii iko moteri ya taksi ya Mzee Gaspard! Hiki kifuniko cha moteri nilimuuzia mi mwenyewe."

Msemaji wao akanigeukia: "Kama ukoo wa moteri ni uongo, ukoo wa kijana je?" Mama wa binti akaanza kukusanya glasi. Désiré alinitazama macho yamejaa machozi, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze na Fanta zangu.

Mzee Gaspard akasimama. "Iko yangu. Mi ni dereva wa taksi, si mukurugenzi."

"Mbona hamukusema?" Mama Chantal akapiga makofi. "Ile taksi ilinibebea vipuri miaka mingi, haikuniacha mu njia hata siku moja! Wazungu wenyewe wanafanya hivi: moteri ya gari ya kila siku, wanaitia mu gari nyepesi, inaruka. Kuna wenye walichukua hata ya pampu ya kuzima moto! Kama mutoto ametoka kwa mutu huyu, mi nasema tumupe. We musemaji, anza tena!"

Nikaanza tena, peku, tai inadondosha Fanta: "Huyu ni Désiré, mtoto wa dereva wa teksi." Vigelegele vikapita vile vya kwanza mara mbili, na binti akatolewa.

Wakati wa kula nilikuwa nacheka na wenzangu, Mzee Gaspard akaniita kando. "Mutoto wangu," akasema polepole, "miaka makumi mbili niliendesha ile taksi, haya sikuona. We ulinionea haya kwa nini?"

Goti lilikuwa limechubuka, lakini hapo ndipo nilipoumia. Nikamwomba msamaha, akanishika bega, akanirudisha mezani. Tangu siku hiyo nimeapa: mkiwa na mahari niiteni, nitapanga viti, nitaosha sahani, nitasukuma hata magari, lakini kusema, aseme mwingine.