Mfungo wa Munkoyo

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mtu aliyekula wakati wa mfungo hazami katika maji ya ubatizo. Anaelea. Mchungaji anamsukuma chini, maji yanamrudisha juu. Mashemasi wanamkalia, anawabeba wote. Habari hii niliipata kwa kinyozi, kutoka kwa bwana mmoja wa Naviundu ambaye hakuwa anasimulia, alikuwa anatoa ushahidi. Alimwona mtu wa namna hiyo kwa macho yake mwenyewe. Siku ya tano ya mfungo mtu huyo alikuwa amekula kipande kimoja cha samaki, kidogo, cha mkiani, na mto ukamkataa mara tatu. Mara ya nne ulimchukua uso juu, mikono kifuani, ukaenda naye taratibu mbele ya kwaya nzima.

"Na mpaka leo," bwana yule alisema, povu la sabuni likimkauka shavuni, "akijimwangia maji ya kuoga, maji inapita pembeni. Haimuguse."

Mtu mwenye akili angeuliza swali. Mimi niliuliza samaki alikuwa wa aina gani.

Lakini nilikuwa na sababu ya kuogopa: nilitaka kuoa. Mchumba wangu alikuwa amekubali, mama yake alikuwa amekubali, na shangazi zake, ambao kwa hesabu yangu walikuwa kama mia mbili, walikuwa wamekubali na kuchagua kitenge. Baba yake peke yake ndiye aliyekuwa na sharti. Alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Aliniketisha sebuleni kwake akasema: "Bwana mukwe, ukibatizwa, unaoa. Usipobatizwa, unakunywa chai, unarudia kwenu."

Kanisani kwetu ubatizo unafanyika mara moja tu kwa mwaka, mtoni, mwezi wa saba, wakati Lubumbashi kuna baridi ya kuvunja meno. Ukikosa huo, unangoja mwaka mzima. Na mchumba wangu alikuwa ameshanieleza, kwa upole wake wote, kwamba yeye hatangoja mwaka mzima kwa ajili ya mtu mmoja.

Kabla ya ubatizo kulikuwa na mfungo wa siku ishirini na moja. Mchungaji alitufundisha habari ya kiasi, yaani mtu kujitawala mwenyewe. Asiyetawala tumbo lake, alisema, hatatawala ulimi wake, na asiyetawala ulimi wake asioe. Alipofika hapo alinitazama mimi, ingawa darasani tulikuwa ishirini. Sheria ilikuwa fupi: tangu kupambazuka mpaka jua lizame, hakuna kula. Kunywa, ruhusa.

Lile neno "ruhusa" nililisikia vizuri kuliko mafundisho yote.

Sasa, kazi yangu ilikuwa kusaga mahindi, kule Kasungami. Nilishinda kwenye mashine kutwa nzima, unga masikioni, unga kwenye nyusi, unga puani. Chafya yangu moja ingetosha bukari, yaani ugali, ya watu wawili. Kumwambia mtu kama huyo asile ni kumwambia samaki asilowane. Hata hivyo siku tatu za kwanza nilifunga kweli, na naomba mniandikie hizo mbinguni. Siku ya kwanza, kufika saa tatu asubuhi, nilijiona nabii. Saa sita nilianza kuona kwamba magunia yanapumua. Siku ya tatu mashine yenyewe ilikuwa inaita jina langu, na ililitamka vizuri kuliko mwalimu wa shule.

Siku ya nne nikamkumbuka mama aliyekuwa akiuza munkoyo mlangoni petu. Munkoyo ni kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, kitamu, kinashuka tumboni na kukaa humo kama mgeni aliyeleta begi. Na ni kinywaji, hakuna atakayekataa. Nilikunywa kikombe kimoja kwa jina la Bwana. Mchana nikanywa vitatu.

Siku ya saba nilimwomba mama yule anipatie ya chini ya ndoo, ile nzito. Siku ya tisa nikaona kwamba uji nao, ukiutazama kwa haki, unanywewa. Siku ya kumi na mbili uji wangu ulikuwa unasimama wenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetunga sheria na nikaishika kwa uaminifu mkubwa: kila kinachopita bila kuguswa na meno si chakula. Kufikia siku ya kumi na nne, ndugu zangu, nilikuwa nakunywa bukari.

Mwenzangu kazini alikuwa Mwislamu, wa familia iliyotoka Maniema, mtu aliyefunga Ramadhani tangu utoto wake huku akibeba magunia, bila kulalamika na bila kumtangazia mtu. Siku hiyo alizima mashine akanijia.

"Weye, unakunywa nini pale?"

"Munkoyo, mukubwa. Ya muzito kidogo. Kunywa iko ruhusa."

"Na ile kijiko iko ya kazi gani?"

"Ya kukorogea."

"Unakorogea mu kinywa?"

Nilimweleza sheria yangu ya meno. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaketi juu ya gunia akacheka mpaka unga ukamtoka kichwani kama moshi. "Miye nafunga mwezi muzima, hata mate nameza na woga," alisema. "Weye unafunga na sahani!"

Niseme wazi kwamba sikuwa mtu mvivu. Watu wanadhani anayeshindwa kujizuia hana nguvu. Mimi nilikuwa nazo nyingi mno! Kutafuta mlango katika sheria ya Mchungaji kulinichosha kuliko kufunga kwenyewe. Niliamka alfajiri kufikiria nitakunywa nini. Nilisali kwa bidii ili munkoyo isiishe mapema. Laiti nusu ya juhudi ile ningeiweka kwenye njaa yenyewe, leo ningekuwa askofu.

Jumamosi ya wiki ya mwisho mchumba wangu alikuja kunipima kanzu nyeupe ya ubatizo. Alivuta huku, akavuta kule, akarudi nyuma hatua moja.

"Chéri, bengine banafunga, banakonda. Weye juu ya nini unanona?"

"Iko Roho," nilisema.

"Ile Roho njo inakata bifungo ya shati?"

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alijua sharti la baba yake kama mimi nilivyolijua. Alipoondoka nilikaa nikiwa na kanzu imenibana kwapani, na maneno ya bwana wa Naviundu yakanirudia yote, mpaka ule mkia wa samaki. Yule wa mtoni alikula kipande kimoja akaelea. Mimi, niliyemeza karibu gunia zima, si ningepaa? Nilijiona nikipita juu ya nyumba, nikifika uwanja wa ndege wa Luano, ndege zinangoja nipite kwanza ndipo zitue.

Nina diploma ya taifa, ile ya kumaliza sekondari. Niliipata kwa masomo ya jioni, baada ya kazi, na nyumbani imetundikwa ukutani palipo na mwanga. Somo la vitu vinavyoelea tulifundishwa. Nilihudhuria kwa mwili. Kichwa kilikuwa juu ya dawati kimelala. Kwa hiyo niliamua kufanya jaribio la kisayansi. Nyuma ya mashine kulikuwa na pipa kubwa la maji. Niliingia, nikavuta pumzi yote ya Kasungami, nikajikunja chini. Makalio yakapanda juu. Nikashuka tena. Yakapanda tena. Mara ya tatu niliposhindwa, mwenzangu alikuwa amesimama pale na ndoo mkononi.

"Unatafuta nini mu pipa?"

"Niko najaribu kuzama, mukubwa."

"Na?"

"Haikubali." Nilikuwa karibu kulia. Nikamwambia yote, ya samaki, ya mto, ya baba mukwe.

Alitikisa kichwa. "Nabii Isa alitembea juu ya maji, munamusifu. Weye ukielea kidogo tu, unalia?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshaona pa kushika. Kwenye mizani yetu kulikuwa na mawe ya kupimia, ya chuma, kilo tano kila moja. Niliazima mawili bila kumsumbua mtu kwa maswali.

Jumapili asubuhi tulikusanyika mtoni. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande wa baridi. Kwaya ilikuwa imevaa makoti juu ya sare, akina mama wamewasha moto ukingoni, na baba mukwe alikuwa amesimama mbele kabisa, kofia mkononi. Mchumba wangu alikuwa karibu naye na taulo. Mimi nilikuwa nimefunga kitenge kiunoni chini ya kanzu, na ndani ya kitenge kilo kumi za chuma. Nilitembea kama bibi harusi, kwa sababu sikuweza kutembea vingine.

Wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakazama, wakatoka wakipiga kelele za furaha na za baridi. Zamu yangu ikafika. Maji yalinifika kifuani. Mchungaji akaniuliza kama nimeacha dhambi zangu. Nikasema nimeacha. "Yote?" Nikasema yote, na kitenge kikanikaza. Akanilaza nyuma.

Nilishuka kama kichwa cha treni. Mchungaji akavuta, sikuja. Nilikuwa nimelala juu ya mchanga, na nitasema ukweli, furaha yangu ya kwanza ilikuwa kubwa: maji yamenikubali! Wazo la pili lilikuwa kwamba sina pumzi. Juu yangu nilisikia kwaya, ambayo haikuwa na maagizo kwa jambo kama hili, ikirudia ubeti uleule mara ya tano, ya sita, ya tisa. Mashemasi wawili wakaruka ndani. Walinivuta mikono, wakanivuta kanzu, kitenge kikalegea, na jiwe moja la mizani likatoka na kutua juu ya mguu wa Mchungaji.

Nilikuwa nimefika juu wakati huo, kwa hiyo nilimwona usoni. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena, mishipa ya shingo imesimama, na ninajua, kwa sababu nimeangusha chuma mguuni mwangu mara nyingi, ni maneno gani yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya meno yale. Akasema: "Haleluya." Kwa sauti ndogo, nyembamba, kama ya mtoto mchanga. Siku zote nilikuwa nimesikia mafundisho ya kiasi. Sasa nilikiona, kimesimama katika maji ya baridi, kimenuna, kinatetemeka midomo.

Ukingoni watu walikuwa wanaruka. Kumbe ile habari ya kinyozi ilikuwa imeshazunguka kanisa zima. "Maji imemupenda!" walipiga kelele. "Ule alifunga kabisa! Muliona namna alizama?" Vigelegele vikapanda. Mama mmoja alianza kulia.

Mchungaji akainama, akaokota jiwe, akalishika chini ya maji ambapo sisi wawili tu tuliliona.

"Ndugu, hii iko nini?"

"Kilo tano, Mchungaji."

"Iko na ndugu yake?"

"Iko bado kwa kiuno."

"Ubatizo wako umeisha, umebatizwa," akasema polepole. "Ile ingine, uiseme weye mwenyewe ao unyamaze. Miye sitasema."

Nilitoka. Desturi yetu ni kwamba kila aliyebatizwa anatoa ushuhuda mfupi akiwa bado amelowa. Watu walinisogelea wanione vizuri, mtakatifu aliyezama kuliko wote. Nilihitaji tu kufunga mdomo, na ndoa ilikuwa yangu. Jinsi nilivyozoea kutafuta mlango, huu ulikuwa wazi pande zote mbili. Lakini mbele yangu Mchungaji alikuwa anapanda ukingo akichechemea, amekaza midomo, nikaona aibu. Nikafungua kanzu, nikatoa jiwe la pili, nikaliweka chini. Nikasema yote: munkoyo, uji, kijiko, bukari, pipa.

Kwaya ilicheka kwanza. Kisha wengine. Mchumba wangu alijifunika uso kwa taulo, na sikuweza kujua kama mabega yake yanacheka au yanalia. Mimi nilikuwa namtazama baba yake tu, ambaye hakucheka. Alivua koti lake, akanivisha, akanishika mkono akanipeleka kando, penye moto.

"Ulikunywa siku ngapi?"

"Kumi na munane, Baba."

"Basi utafunga kumi na munane. Utaanza kesho. Jua ikizama, unakuya kwetu, unakula na siye ku meza, nakuona. Kisha ile, tutapanga siku ya ndoa."

Nikainamisha kichwa kushukuru. Meno yalikuwa yanagongana. Mzee akanyoosha mikono juu ya moto, kisha akageuka tena. Kulikuwa na jambo lililokuwa linamsumbua.

"Sasa ile kilo kumi ilikuwa ya kazi gani?"

Nikamweleza: mtu aliyekula anaelea, maji yanamkataa, kila mtu anajua. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, kama mtu anayesubiri sehemu yenye maana ifike.

"Bwana mukwe," akasema, "kila muntu mwenye pumzi mu kifua anaelea, akikula ao asipokula. Njo maana Mchungaji anasukuma. Maji haijuwe ulikula nini. Ukikula, unasema nilikula, na asubui yake unaanza tena."