Shati Lililofuliwa Mbele ya Kamera

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa dobi katika ua wa nyumba aliyopanga: mabeseni matatu, kamba nne, na meza ya kupigia pasi kibarazani. Alikuwa na sheria moja ambayo hata waziri angeikuta palepale: nguo haiingii majini kabla mifuko haijapekuliwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia wateja, akiwarudishia funguo, barua za mapenzi na meno ya bandia. Ndiyo, meno. Mwenyewe alikuja kuyachukua huku amejiziba mdomo kwa leso.

Alizaa wawili, mvulana na msichana. Mvulana alikuwa fundi ujenzi, na asubuhi moja alianguka kutoka ghorofa ya tatu, hakufika hospitali akiwa hai. Mama yake hakutoa chozi. Alipokea wageni, akapanga viti, akasimamia masufuria, akasindikiza jeneza macho makavu. Watu nao, hakuna kitu wasichokuwa na la kusema juu yake, wakasema mwanamke yule ana moyo wa chuma kama pasi yake. Binti yake, mhudumu wa zahanati, aligombana na shangazi zake wawili kwa neno hilo. "Mama yangu analia ndani," aliwaambia. "Nyinyi mnalia ili muonekane." Shangazi hao hawajakanyaga tena kwa Mama Pasi. Mama Pasi hakuwahi kumshukuru binti yake kwa mdomo, lakini kila Jumamosi sare zake nyeupe za kazi zilifuliwa kabla ya nguo ya mtu mwingine yeyote.

Kilichobaki cha kijana kilikuwa shati. Alilivua jioni ya mwisho akalitundika nyuma ya mlango: la buluu, la mistari, lenye kifungo kimoja cheusi ambacho dada yake alikishona baada ya kile cha mwanzo kupotea. Halikufuliwa. Dobi yule alilikunja lilivyo, akalifunga ndani ya nailoni na kuliweka sandukuni. Hata mfuko wake hakuupekua, maana kulikunjua ni kuipoteza harufu. Siku zikiwa nzito, mama na binti walilegeza fundo kidogo, kila mmoja akavuta pumzi moja, wakafunga. Waliapiana: pumzi moja tu, na wote wawili wawepo.

Mwaka wa tatu wakaja watu wa filamu. Mwongozaji wao alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa kola ngumu na maneno laini, naye aliuona ua ule ukamfaa. Filamu yenyewe ilikuwa ya msiba: kijana amekufa, mama yake ameegemea ukuta hana nguvu, na shangazi wa marehemu anazifua nguo zake. Huyo mama ndiye aliyekuwa nyota, picha yake ilikuwa kwenye mabango. Shangazi alikuwa mtu wa pembeni tu.

Mwigizaji aliyeletwa awe shangazi alilishika shati la filamu kama anayemwogesha paka. Mama Pasi, aliyekuwa anachungulia dirishani, akaangua kicheko. Mwongozaji akageuka.

"Wewe unacheka nini, mama?"

"Nacheka huyo dada. Hajawahi kufua hata leso. Na hilo shati lenu halijavaliwa na mtu, hata kipofu atajua."

"Basi njoo utuoneshe."

Hapo ndipo angesema hapana, akarudi kwenye pasi yake. Lakini mtu akisifiwa kazi yake hupoteza akili, na Mama Pasi alikuwa na kiburi cha fundi. Akaingia ndani, akatoka na nailoni. Mwongozaji akamwapia mbele ya watu wote: "Utalishika tu, mama. Tutakata kabla ya maji."

Kamera ikawashwa. Mama Pasi akakaa kwenye kigoda, shati mapajani. Mkono wake ukaingia mfukoni, maana mkono huo hauulizwi, una sheria yake. Ukatoka na njiti ya kiberiti iliyotafunwa upande mmoja. Mwanawe alikuwa na tabia hiyo, kutafuna njiti za kiberiti, na mama alimgombeza kwa hilo tangu akiwa na miaka tisa.

Akaiweka njiti kwenye kiganja, akaitazama. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kuisikia, na huku analia mikono ikaendelea na kazi: ikachukua sabuni, ikalitumbukiza shati, ikasugua kola, ikasuuza, ikakamua. Mazoea yana taabu. Aliposhtuka, shati lilikuwa linachuruzika mikononi mwake, na mwongozaji alikuwa amesimama nyuma ya kamera bila kukata, anafuta machozi yake mwenyewe. Sanaa, wenyewe wanaiita.

Alilianika, akalipiga pasi, akalirudisha kwenye nailoni. Miezi miwili baadaye binti alikuja ana siku nzito, wakafungua pamoja, na kilichotoka ni harufu ya sabuni.

"Liliingia ukungu," Mama Pasi alisema haraka. "Lingeoza, mwanangu. Nikalifua."

Binti alilia kidogo, kisha akamshika bega. "Si kosa lako, mama." Uongo ule ulimkaa mama kooni kama mwiba wa samaki, lakini hakuutema.

Filamu ilipotoka, Mama Pasi alitafuta visingizio vya kutokwenda, akaishiwa. Wakaketi safu ya tatu, binti amemshika mkono, anajivunia mama yake kuwa mwigizaji. Likaja shati. Kifungo cheusi kikajaa ukuta mzima. Mama akausikia mkono wa binti ukitoka taratibu ndani ya wake. Dakika nne nzima ukumbi ulilia, watu wazima na ndevu zao, na taa zilipowashwa walisimama kumpigia makofi. Nyota aliyeegemea ukuta hakuna aliyemtaja.

Nje, kando ya mlango, binti alimsubiri.

"Ukungu, eh?"

"Mwanangu, mikono ilikwenda yenyewe."

"Na machozi? Nayo yalikwenda yenyewe?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha mama kuliko kelele. "Tumemzika kaka hukulia. Nikagombana na shangazi zangu kwa ajili yako. Kumbe machozi ulikuwa nayo, mama. Ulikuwa unawawekea watu baki."

"Sivyo."

"Ilikuwaje basi?"

Mama Pasi alitaka kusema kwamba siku ya mazishi hakuna aliyempa nguo ya kufua. Kwamba mwili wake haujui kulia ukiwa umesimama na viatu miguuni. Lakini hapo mlangoni mwanamke mmoja alimkumbatia kwa nyuma, akamwambia amemkumbusha marehemu mama yake, na alipoachiwa binti hakuwepo.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na dada je? Hilo hakuna aliyelitungia methali, na Mama Pasi alikuwa na muda mwingi wa kulifikiria. Alipewa tuzo ya mwigizaji bora msaidizi, kitu cha kioo chenye mabawa. Anakitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Mwongozaji alimpigia simu, ana filamu nyingine, akauliza kwa upole kama anaweza kulia vile tena. Mama Pasi akamwambia ailete nguo yake mwenyewe, ya maiti wake mwenyewe, kisha akakata simu.

Jumamosi ya kwanza binti hakuleta sare. Wala ya pili. Ya tatu, Mama Pasi alipita mtaa wa nyuma, kwa yule dobi kijana anayetumia mashine, akaziona. Zilikuwa kwenye kamba, tatu, alizijua kwa pindo alizoshona yeye. Kwenye mfuko wa kifuani wa ile ya kati kulikuwa na doa kubwa la wino wa buluu. Kalamu ilisahauliwa ndani, na mtu hakupekua.

Doa lile dawa yake ni maziwa na ndimu, mapema kabla halijakauka. Mama Pasi alinyoosha mkono mpaka kwenye kitambaa. Kilikuwa bado kibichi.

"Shikamoo mama," dobi kijana alimwita kutoka ndani. "Hizo za kwako?"

"Marahaba. Hapana," alisema, akaurudisha mkono. "Si zangu."