Mama mkwe alikuja na jicho, na kwetu hatuangaliani

Wakuu, niaje. Hii ilinitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi hata kidogo. Mwenye hataamini aulize bibi yangu, hadi leo bado ananicheka.

Mimi ni clinical officer wa macho kwa kliniki moja ndogo hapo Westlands. Mbukusu halisi, na nimeoa huko huko kwetu Bungoma.

Sasa kwa wale hawajui, kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima tupu. Hampeani mkono. Hamkai karibu. Kuangaliana macho kwa macho ndio kabisa, hiyo haifanyiki.

Nimeoa miaka mingi, lakini ukiniuliza mama mkwe anafanana aje nitakuambia habari ya viatu vyake. Huko ndiko huwa naangalia. Hata akikuja Nairobi halali kwangu, analala Uthiru kwa dadake mdogo, Auntie Rose.

Basi Jumamosi moja niko kazini na nesi wetu, Mueni. Daktari mkubwa ameenda harusi. Mueni anaita mgonjwa anayefuata, mlango unafunguka, naona viatu.

Wakuu, hivyo viatu nilivijua.

Niligeukia dirisha kama mtu ameitwa na mtu wa nje. Yeye naye akarudi kwa korido mbio. Auntie Rose akabaki katikati ya mlango, hajui afuate nani. Maskini alijua nafanya kazi ya hospitali, lakini hospitali gani hakuwahi kuuliza.

"Twende nyumbani," nikasikia mama huko nje. "Hii ni malaria tu. Jicho ni vumbi."

Nikamuuliza Auntie Rose malaria gani hiyo. Akasema tangu jana jioni mama anaumwa kichwa upande mmoja, ametapika mpaka akachoka, na jicho la kushoto limekuwa nyekundu. Chemist ya hapo karibu iliwauzia dawa ya malaria.

Hapo nikaachana na dirisha. Jicho nyekundu peke yake linaweza kuwa mambo mengi. Lakini nyekundu, kichwa na kutapika vikikuja pamoja, mtu wa macho hakai chini. Inaweza kuwa presha ya ndani ya jicho imepanda ghafla, na hiyo inaua jicho haraka sana.

Nikapigia bibi simu nikamweleza. Akasema, "Usimguse mamangu."

Nikasema sawa.

"Na usimwache aende!"

Nikamwambia asante sana kwa msaada.

Aliyeniokoa ni Mueni. Ni Mkamba, na hakuhitaji kuelezwa. "Hata kwetu iko," akasema. Akamkalisha mama kwa benchi ya korido, mimi nikakaa ndani nyuma ya mlango, yeye akasimama katikati. Historia ya mgonjwa nikachukua hivyo, kama wazee wa posa.

"Mueni, muulize mama alikuwa anafanya nini jicho ilipoanza."

"Mwambie daktari tulikuwa tunachambua mboga, stima ikapotea. Tukawasha mshumaa. Kichwa ikaanza."

"Muulize huo mshumaa aliuona aje."

Auntie Rose naye akasogea asikie.

"Mwambie," akasema polepole, "ilikuwa na duara. Rangi rangi, kama upinde wa mvua. Sikuambia mtu. Nilifikiri ni Bwana ananitembelea."

Auntie Rose akasema "Haleluya!" kabla ajizuie. Mueni alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka wakati huo, hiyo duara ndiyo nilikuwa naogopa.

Nikaongea kwa sauti, nikiangalia ukuta. "Mueni, mwambie mama hiyo si malaria na si vumbi. Mwambie akienda nyumbani sasa, hiyo jicho inaweza kukosa kuona tena. Na lazima niiangalie kwa karibu. Na lazima niiguse."

Wakuu, hebu fikirieni. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe nitamgusa.

Nikasikia benchi ikilia, ameinuka. "Mwambie daktari azime taa."

Mueni akazima ya juu, akaacha ile ya ubao wa herufi. Mama akaingia amejifunika leso kichwa chote, ameacha nafasi ndogo tu mbele ya jicho la kushoto. Akakaa kwa kiti akasema, safari hii bila kupitia kwa Mueni, "Jicho haina mkwe. Angalia."

Nikaangalia. Herufi kubwa kabisa kwa ukuta hakuiona. Vidole vya Mueni alihesabu kwa shida. Nikamulika na tochi, mboni imepanuka na haitingishiki. Nikamwambia afunge jicho, nikabonyeza polepole juu ya kope na vidole viwili. Gumu kama gololi. Mashine ya presha ikasema vile vile.

Hapo hapo tulimwekea matone, tukampa vidonge vya kushusha presha, na nikampigia daktari wa upasuaji ninayemjua. Siku hiyo hiyo akapokelewa. Presha ilipotulia alitobolewa tundu dogo ndani ya jicho kwa laser, na jicho la pili nalo likafanyiwa ili lisije likaleta hayo mambo.

Wakati wa kutoka kwa chumba changu alisema tu, "Mwambie daktari Mungu ambariki." Tumerudi kwa Mueni tena. Sawa.

Wazee walisikia. Walibishana kwa simu wiki nzima, wakaamua nimpelekee blanketi jipya ya kusafisha hayo mambo. Nikanunua nzito, ile ya kuringa nayo.

Desemba tukaenda Bungoma. Njia yote nawaza jambo moja tu: hiyo jicho imerudi ama haikurudi? Bibi alisema mama yuko sawa, lakini mama hata akiungua atasema yuko sawa.

Nikafika kwa geti na blanketi begani. Nikamwona mbali huko, ng'ambo ya shamba, anachota maji kwa pipa. Amefunika jicho la kulia na kiganja, anajipima mwenyewe! Akainua uso, akaangalia upande wangu na la kushoto.

Akatupa jagi akaingia kwa miwa mbio.

Nilisimama hapo kwa geti nikicheka, machozi yakitoka. Bibi akaniuliza nini. Nikamwambia, "Ameniona!"

Sasa wakuu, jicho likiwa jekundu, kichwa kinauma, unatapika na taa zina duara, usikae kungoja malaria iishe. Kimbia hospitali, na useme yote, hata ya upinde wa mvua. Nyinyi mngefanya aje mahali pangu? Na wale wenye mama mkwe akikuona anatoroka, acheni kulalamika. Shukuruni anawaona.