Umuko wa Swafiya

Swafiya, fundi cherehani wa Kimisagara, alikuwa mtundu tangu utotoni, na uzee haukumpunguzia kitu. Mimi jirani yake nimecheka naye hadi mbavu zikaniuma. Hakuwa na mume wala mtoto; furaha yake ilikuwa umuko wa uani kwake, mti wa miiba ambao kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki maua tu, mwekundu tupu. Ukichanua, aliacha kushona akautazama, mguu umetulia kwenye pedali.

"Wallahi, huu ukiondoka naondoka nao," aliniambia siku moja, na hapo hakuwa anatania.

Kiangazi cha mwaka 1991, Cyriaque, katekista aliyepakana ua na Swafiya na kiongozi wa selire yetu, yaani mtaa wetu, alitangaza kwamba Jumamosi, kwenye kazi ya pamoja ya umuganda, mti ule utakatwa. Eti maua yanaziba mfereji wa mabati yake mapya. Maua! Jamani! Na konseye, mkubwa wake wa sekta nzima, angekuja mwenyewe kukagua kazi.

Jumamosi tukafika na mapanga na mashoka. Swafiya akatoka na kanga mpya, akatukaribisha kama wageni wa harusi.

"Karibuni, wanangu. Mimi Mwislamu, mambo yenu siyajui. Nasikia wazee wenu wa zamani walitambikia mti huu, na anayeukata hapati raha tena. Uongo, si ndiyo?"

"Uongo!" tukaitikia. Sote tulikuwa tumebatizwa. Hakuna aliyesogea.

"Basi aanze aliyebatizwa vizuri zaidi."

Macho yote kwa katekista. Cyriaque akainua shoka, akalishusha polepole. Mpini umelegea, akasema. Nikampa langu. Hilo nalo, butu. Swafiya akamletea jiwe la kunolea, uso mkavu kabisa, mwanamke yule!

Mara tukasikia gari la konseye likishuka kilima. Jasho likamtoka Cyriaque. Umuganda wa kukata mti, na mti haujaanguka? Akageuka huku na huku, kisha akanyoosha kidole kwenye mkalitusi wake mwenyewe, kando ya ua.

"Ule! Mti wenyewe ni ule! Nani aliwaambia umuko?"

Tuliuangusha haraka kabla hajabadili mawazo. Konseye akampongeza mbele ya watu kwa kutoa mali yake. Cyriaque akazipokea sifa kama mtu anayemeza kwinini. Swafiya akaingia ndani akafunga mlango. Nilimsikia akicheka, halafu akilia.

Kumbe mkalitusi ule ndio uliomzuia katekista kuuona umuko kutoka barazani kwake. Kiangazi kilichofuata, maua yalipowaka, nilimkuta ameketi pale, kiti kimeelekezwa kwa Swafiya, rozari mkononi na hasali.

"Katekista," Swafiya akamwita kutoka upande wa pili wa ua, "tuukate Jumamosi hii?"

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Unanizibia maua."